Isuzu 4HK1 inatoa moshi mweusi na imekosa nguvu: nizibe EGR au niisafishe?

Mchukuzi wa Maweni

Habari za humu wakuu. Naomba msaada wa wanaoijua hii injini. Gari ni Isuzu Elf, 4HK1, imetoka Japani na DPD yake (chujio la masizi kwenye ekzosi) bado ipo. Kazi zake ni chokaa na saruji hapa Tanga, na safari za Lushoto ikiwa na mzigo.

Dalili: moshi mweusi ukikanyaga mafuta gari likiwa limebeba, hasa ule mlima wa kutoka Mombo kwenda Soni. Nguvu imeshuka sana. Taa ya cheki injini imewaka, mashine inasoma P0401 na P0404. Taa ya DPD inamulika kila baada ya muda mfupi. Kulanti inapungua kama nusu lita kwa wiki, na chini ya gari hakuna hata tone. Ea klina ni mpya, oili imebadilishwa.

Fundi anashauri tukate bati tuzibe EGR (njia inayorudisha sehemu ya moshi wa ekzosi kwenye injini), anasema moshi utaisha na nguvu itarudi. Je, ni kweli? Na kama ni kuziba, bati la unene gani?

Spana_14

Mkuu, kabla hujakata bati zisome hizo kodi (namba za kosa) vizuri. P0401 inasema kompyuta imeagiza moshi wa ekzosi urudi kwenye injini, na haukurudi wa kutosha. P0404 inasema vali imeagizwa ifike mahali fulani na haikufika. Ukiziweka pamoja, kuna uwezekano mkubwa vali imenasa ikiwa imefungwa, au njia yake imejaa masizi. Yaani EGR yako imeshajiziba yenyewe. Sasa bati litaongeza nini?

Moshi mweusi ni dizeli iliyokosa hewa. EGR iliyonasa ikiwa wazi inaweza kuuleta, kwa sababu moshi unaorudi unachukua nafasi ya hewa safi. Iliyonasa ikiwa imefungwa haiuleti. Tena ukiwa mlimani mguu umeshuka hadi chini, kompyuta yenyewe huifunga EGR ili injini ipate hewa yote. EGR inafanya kazi zaidi gari likiwa na mzigo mdogo au mwendo wa wastani. Kwa hiyo hiyo nguvu unayoitafuta pale Soni haiko kwenye EGR hata kidogo.

Mimi ningeanza na mipira ya hewa, kutoka turbo kwenda intakula (kipoza hewa) na kutoka intakula kwenda manifodi (bomba linalogawa hewa kwenye silinda). Sensa ya hewa iko mbele, karibu na ea klina. Hewa ikishapimwa pale kisha ikavujia njiani, kompyuta inamwaga dizeli kwa hesabu ya hewa ambayo haikufika kwenye silinda. Matokeo ni hayo hayo unayoyaeleza: moshi mweusi na gari zito. Usiangalie mpira ukiwa mahali pake tu. Fungua klampu, uvue, uukunjekunje kwa mkono, kwa sababu ufa hukaa chini ya klampu au upande wa chini usioonekana, na ukiuachia unajifunga. Alama yake ni unyevu wa oili uliokamata vumbi, doa jeusi lenye umbo la mpasuko. Ukitaka uhakika, ziba mwanzo wa njia, ingiza upepo wa presha ndogo, usizidi baa 1, upake maji ya sabuni kwenye maungio yote na kwenye kona za intakula.

La pili ni manifodi ya hewa. Vua mdomo wake umulike ndani na tochi. Masizi ya EGR yakichanganyika na mvuke wa oili wa briza (njia ya kupumulia injini) yanakuwa kama lami iliyokauka, na tundu linabaki jembamba. Hapo hewa haipiti, hata EGR ikiwa imefungwa kabisa.

La tatu ni DPD. Soma kwenye mashine tofauti ya presha kabla na baada ya DPD. Injini ikiwa sailensa (inaunguruma bila kukanyaga mafuta) namba iwe karibu na sifuri. Ikiwa juu hata bila kukanyaga, DPD imejaa na injini inashindwa kupumua nyuma.

Hiyo kulanti inayopotea ni shauri jingine, na ndiyo inayonitia hofu kuliko moshi. Naomba mwenye uzoefu wa kipozeo cha EGR aieleze.

Dizeli Pwani

Naichukua hiyo ya kulanti. Mchukuzi, usiichukulie poa. Kipozeo cha EGR kina vibomba vyembamba ndani, moshi wa moto unapita ndani yake na kulanti inavizunguka kwa nje. Kikipasuka, injini ikiwa imezimwa na mfumo bado una presha, kulanti inapenya upande wa moshi. Ikiwa nyingi inaweza kufika hadi kwenye silinda. Maji hayabanwi: asubuhi ukipiga staa pistoni inagonga maji na konrodi inapinda. Ukikuta staa imekwama ghafla asubuhi, usilazimishe wala usisukume gari.

Namna ya kupima bila kubahatisha:

Injini ikiwa baridi, funga pampu ya mkono ya kupimia rejeta, panda hadi presha iliyoandikwa kwenye mfuniko wa rejeta, usizidishe. Iache nusu saa. Sindano ikishuka na nje hakuna unyevu, vua vali ya EGR umulike ndani ya bomba. Masizi makavu ni ya kawaida. Masizi yaliyolowa, au utando mweupe uliokauka pembeni ya flanji, ni kulanti.

Ukishakivua kipozeo, ziba tundu moja la maji, lingine ingiza upepo wa baa 1.5 hadi 2, kisha kizamishe kwenye maji ya moto. Nasisitiza maji ya moto, maana nyufa nyingine hufunguka chuma kikipanuka tu, na kwenye maji baridi kipozeo kibovu kinaweza kuonekana kizima. Subiri dakika kumi, tazama mapovu kwenye mdomo wa moshi.

Watu wengi huona mapovu kwenye tenki la kulanti wakakimbilia kufungua silinda hedi. Injini ikiwa na mzigo, presha ya ekzosi nayo inaweza kusukuma moshi kwenye kulanti kupitia kipozeo kilichopasuka, na dalili zinafanana na gasketi ya hedi iliyoungua. Hapa ndipo bati lina kazi halali: liweke kwa muda upande wa ekzosi unapoingia kwenye kipozeo, washa, pandisha joto, tazama. Mapovu yakikoma, mbovu ni kipozeo. Yakiendelea, ni hedi au gasketi. Ukimaliza litoe.

Kipozeo kilichopasuka usichomelee. Joto linapasua pembeni ya uchomeleaji. Tafuta kingine, na hata kikiwa cha mtumba kipime kwa njia hiyo hiyo kabla ya kulipa.

MtuWaChumbageni

Heshima kwenu. Naona bati linasemwa vibaya mno. Zile dizeli za zamani zenye pampu ya kawaida, EGR inavutwa na upepo wa vakyumu, watu wameziba na hakuna taa inayowaka. Na kipozeo kikipasuka ukiwa Korogwe au Handeni, spea hamna, dereva afanye nini? Bati linamfikisha nyumbani.

Kwa atakayelazimika: chuma au stenlesi ya milimita 2 hadi 3, iliyochorwa kwa kufuata gasketi yenyewe, na gasketi pande zote mbili. Aluminiamu usiguse, wala bati la kopo. Aluminiamu inayeyuka kwenye nyuzi 660, na kabla ya hapo imeshalegea. Moshi unaotoka kwenye manifodi injini ikivuta mzigo unaweza kufika kiwango hicho. Kipande kikikatika kikaenda upande wa manifodi ya hewa, kinaingia kwenye silinda.

Na kama ni kipozeo kilichopasuka, kuziba moshi peke yake hakutoshi. Kulanti bado imo ndani. Unganisha mpira wa kuingia na wa kutoka uwe mmoja ili kulanti ikipite kando. Usizibe ncha zake hivi hivi, maana kulanti inayopita humo huenda inaenda pengine.

Spana_14

Mtu wa Chumbageni, la dharura nakubaliana nawe, na hilo la mpira wa kulanti umelisema vizuri. Ila 4HK1 si ile ya vakyumu. Hapa vali inaendeshwa na mota yenye sensa za kuonyesha imefika wapi, na kompyuta inahakiki kwa sensa ya hewa. EGR ikifunguka, hewa safi inayopita kwenye sensa lazima ipungue. Ukiweka bati haipungui, kodi ya P0401 inarudi, na gari linaweza kubanwa nguvu. Kibaya zaidi, kodi ya EGR ikiwa hai kompyuta inaweza kukataa kuchoma masizi ya DPD. DPD inajaa, na umenunua tatizo kubwa kuliko ulilokuwa nalo. Kuna wanaotoboa tundu dogo katikati ya bati ili kuidanganya kompyuta. Tundu hilo linajaa masizi, mnarudi mlipoanza.

Na EGR haikuwekwa kutukomoa. Inapunguza oksijeni na joto la mwako ili hewa chafu ya naitrojeni isitengenezwe kwa wingi. Hewa hiyo inaumiza mapafu, na wanaoivuta ni makuli na madereva kwenye foleni za kupakia. Uchafuzi wa hewa pia umo kwenye Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Kwa gari la biashara sioni sababu ya kuiondoa wakati inasafishika.

Mchukuzi, kuisafisha ni hivi. Siku moja kabla, nyunyizia boliti mafuta ya kulegeza kutu. Huku kwetu chumvi ya bahari inakula nyuzi, na boliti ikikatikia ndani umepoteza siku nzima. Asubuhi injini ikiwa baridi, toa hasi ya betri, mwaga kulanti kwenye chombo safi, chomoa soketi ya vali. Hiyo soketi iangalie kwa makini: pini zikiwa na ukungu wa kijani, P0404 inaweza kuwa imetokea hapo tu, bila kosa la vali. Zisafishe kwa dawa ya kusafishia umeme, uache zikauke.

Vali ishike mota ikiwa juu, ili dawa isitiririkie kwenye umeme. Nyunyizia kaba klina, subiri, kwangua kwa kijiti au plastiki. Usiilowanishe nzima wala usiisukume shina kwa bisibisi. Kikalio chake ndicho muhimu: punje moja ya kaboni ngumu iliyoganda pembeni inatosha kuiacha wazi kidogo, halafu moshi unapita muda wote.

Manifodi ya hewa ishushe kabisa. Kukwangua ikiwa juu ya injini ni kumwagia silinda mchanga. Iloweke kwenye dizeli usiku kucha, kisha brashi na maji ya moto yenye sabuni. Magadi makali ya kuzibulia mabomba usiyatumie, yanaila aluminiamu. Matundu ya hedi yaliyobaki wazi yajaze matambara safi, na uyahesabu.

Kurudisha: gasketi mpya zote, kaza kwa msalaba. Boliti ndogo za M8 kwa kawaida ni Nm 20 hadi 25, lakini kitabu cha injini ndicho chenye kauli. Kulanti iwe ya dukani iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa madini. Maji ya kisima cha pwani yana chumvi, yatakula kipozeo kipya pia. Toa upepo kwenye mfumo hadi hita itoe joto.

Kisha futa kodi, na kama vali ni mpya fanya zoezi la kuifundisha kompyuta sehemu yake ya kuanzia. Mwisho choma DPD kwa kitufe au mashine, kama dakika 20, gari likiwa limesimama mbali na majani makavu, maana ndani ya DPD joto linaweza kuzidi nyuzi 600. Kabla ya kuchoma pima oili. Ikiwa imepanda juu ya alama, ina dizeli ndani, imwage kwanza.

Mchukuzi wa Maweni

Nashukuru sana wakuu, mmenifungua macho. Mpira wa chini unaotoka intakula una mpasuko chini ya klampu, kama Spana_14 alivyosema, naubadilisha. Kipozeo kinashuka kesho kikapimwe kwenye maji ya moto. Swali moja: ndani ya mpira kuna oili, si nyingi, kama imepakwa na kidole. Turbo imekwisha?

Dizeli Pwani

Utando mwembamba ni kawaida, unatoka briza. Ikiwa imetuama na ukiinamisha mpira inachuruzika, hapo fuatilia. Anza na briza: injini ikiwa moto na ikiwa sailensa, fungua mfuniko wa oili uugeuze juu chini, uuweke tu juu ya tundu lake. Ukitikisika kidogo si neno, ukirushwa ringi zimechoka au chujio la briza limeziba. Kisha turbo: shika shafti yake kwa vidole, isukume pembeni na mbele-nyuma. Kucheza kidogo sana pembeni kunakubalika. Kucheza mbele-nyuma kunakosikika kwenye vidole, au panga kugusa nyumba yake, hakukubaliki.

Na oili unayoweka iwe ya daraja la JASO DH-2 au CJ-4 (oili za majivu machache), kwa sababu majivu ya oili za kawaida yanabaki kwenye DPD na hayaungui hata uichome mara ngapi. Ukiwa kwenye foleni ndefu ya kupakia, zima injini. Sailensa ya saa nzima, moshi ukiwa wa baridi, ndiyo inayotengeneza masizi mengi kwenye vali na kipozeo.

Ukishapima kipozeo leta majibu hapa, hasa kama mapovu yametokea kwenye maji ya moto tu.