Mamangu kaambiwa apite mlango wa jikoni!!!

KIJANA_WA_MKUNAZINI:
Asalaam alaykum. Nimeshuka boti asubuhi hii, begi sijalifungua, naandikia barazani maana nikiingia ndani nitapasua kitu.

Loji siitaji, mnaijua. Ile ya maeneo ya hifadhi ya Mikumi inayokusumbueni kwenye simu kila Ijumaa, "njoo unywe chai na tembo". Nimeweka pesa mwaka mzima. Mamangu ana miaka 67, tembo kamuona kwenye kanga tu. Tukavuka mpaka Dar, tukapanda treni ya SGR mpaka Morogoro, pale tukakodi gari. Bi mkubwa kavaa buibui jipya, mkononi kikapu, ndani yake halua kilo mbili ya kuwapa wenyeji wetu. Wenyeji wetu!

Mapokezi, mbele yetu Wazungu wawili wanapewa taulo za kujifuta vumbi na glasi za juisi ya ukwaju. Zamu yetu ikafika. Yule kijana (mnamjua, mwenye meno thalathini na mbili kwa wageni na midomo miwili kwa sisi) hakuuliza jina, hakufungua daftari. Kamtazama mamangu kuanzia ushungi mpaka makubadhi, akasema: "Mama, wa mizigo mlango wenu kule nyuma, upande wa jikoni."

Upande wa jikoni!

Na mamangu akajibu, "Haya mwanangu," akageuka, AKAANZA KWENDA. Na kikapu chake cha halua.

Nilipiga kelele nadhani simba wote wa bonde la Mkata walihama. Nikamtolea risiti. Ati "samahani bosi, nilidhani mmekuja na madereva". Juisi yenyewe mpaka tunaondoka hatujaiona.

Kesho yake tukaingia hifadhini. Twiga, nyati, pundamilia, viboko wamejaa dimbwini. Mama anashangilia, mie sikuona kitu. Kila nikimtazama tembo naona mgongo wa mamangu unaelekea jikoni. Kaanza kwenda, jamani! Hakubisha hata neno!

BINTI_KIKWAJUNI:
Nimefika "haya mwanangu" nikaweka simu chini. Yule kijana hana mama?

MTENDE_MKAVU:
Pole sana yakhe. Picha za tembo ziko wapi lakini?

KOMBAMWIKO:
Mie sikuonei huruma. Kima punju wako msitu wa Jozani hapo, daladala ya Makunduchi inakushusha mlangoni, jioni umerudi kwako unakunywa uji. Wewe umevuka bahari kwenda kutukanwa kwa pesa yako.

KIJANA_WA_MKUNAZINI:
Kombamwiko, mama alitaka tembo. Jozani kuna tembo?

DEREVA_WA_PORI:
Naendesha watalii mwaka wa 9 huu, nauliza: kwani dereva ni tusi? Loji nyingi sisi tunalala nyuma, tunakula nyuma, na mlango huo huo wa jikoni ndio wetu. Mgeni anakula kuku, mie ugali na maharage, na mie ndiye niliyemtafutia simba toka alfajiri. Umeambiwa mara moja umefungua uzi. Mie ningefungua nyuzi mia tatu kwa mwaka.

KIJANA_WA_MKUNAZINI:
Hujanifahamu kaka. Simdharau dereva, hata aliyetupeleka tulikula naye meza moja. Nasema mamangu KAANZA KWENDA. Huoni uchungu wake?

DEREVA_WA_PORI:
Nauona. Na mie n'na mama.

MCHANGA_WA_WETE:
Afadhali nyie mumetukanwa bara. Mie nimefukuzwa hapa hapa Unguja, pwani ya Kaskazini ambayo marehemu babu akitega madema. Nimekaa mchangani, askari kaja na kirungu: "Una chumba?" Bahari ina chumba?!

BINTI_KIKWAJUNI:
Pwani ipi hiyo?

MCHANGA_WA_WETE:
Mnaijua.

BINTI_KIKWAJUNI:
Basi mie Forodhani juzi. Nimevaa buibui, nasema Kiswahili cha kwetu, muuzaji kanitajia mishikaki kwa dola. Kwa dola, wallahi!

MTENDE_MKAVU:
Na wewe umefuata nini mishikaki Forodhani? Kula urojo uondoke.

KOMBAMWIKO:
Urojo wa Forodhani? Ule maji ya manjano. Urojo uko Jang'ombe.

MCHANGA_WA_WETE:
Jang'ombe wanajaza unga, embe huisikii kabisa. Bhajia zenyewe mbili.

KIJANA_WA_MKUNAZINI:
Jamani, na mamangu?

KOMBAMWIKO:
Bhajia mbili umekula kwa nani wewe? Taja hilo duka.

MCHANGA_WA_WETE:
Silitaji. Unalijua.