Kinyesi cha ndege kimekula rangi ya boneti, kompaundi itatosha au nipige rangi upya?

Boneti_Nyeusi: Wakuu, salaam. Gari ni jeusi, rangi ya kiwandani. Kwenye boneti kuna madoa manne yenye kingo zilizovimba kidogo, katikati pamefifia. Nikiosha hayatoki. Nikipaka nta yanapotea, baada ya kuosha mara mbili tatu yanarudi. Fundi mmoja anasema boneti yote ipigwe rangi. Naomba ushauri.

Msasa_wa_Maji: Usikimbilie kupiga rangi mkuu. Nta imejaza tu yale mabonde, ndiyo maana yanarudi. Kinyesi kina asidi, na jua likichoma, kliya (lile tabaka la juu lisilo na rangi) inalainika na kutanuka. Kinyesi kikikauka kinajikunyata, na kliya ikipoa inashika umbo hilo. Kwa hiyo hilo si doa la kusafishwa, ni uso uliopinda.

Pima kwanza. Lowanisha doa kwa maji: likipotea likiwa bichi, uharibifu uko juu ya kliya na unatibika. Likibaki vilevile, limeenda chini. Kisha pitisha kucha taratibu. Isipokwama, kompaundi (krimu yenye chembe ndogo za kusugua na kung'arisha rangi) inatosha.

Boneti_Nyeusi: Nimelowanisha. Matatu yamepotea, moja linaonekana bado na kucha inakwama.

Msasa_wa_Maji: Haya, matatu kwanza. Fanya kivulini, bati likiwa la baridi. Osha, kausha, futa kwa spiriti iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu ili nta iondoke na uone hali halisi. Weka matone manne ya kompaundi kwenye sponji ya mashine ya kupolishi, fanya eneo la sentimita 40 kwa 40 tu, pitisha mashine mara nne hadi sita, wima kisha mlalo, polepole. Futa, pitisha spiriti tena, angalia kwa tochi ukiielekeza kwa pembeni. Usiruke spiriti, mafuta ya kompaundi yanaficha kama nta. Malizia kwa polishi laini, maana gari jeusi linaonyesha kila mkwaruzo.

Kipima_Unene: Nakubali, ila hilo la nne lisiguswe kwa msasa kabla ya kupima unene wa rangi. Rangi nyingi za kiwandani huwa na mikroni (sehemu za elfu za milimita) 100 hadi 150 kwa jumla, na kliya peke yake ni 35 hadi 50 hivi. Hujui kama boneti ilishawahi kupolishiwa. Ukipata namba ya chini sana kuliko sehemu nyingine za gari, acha.

Unene ukiruhusu: msasa namba 3000, uloweke kwanza kwenye maji yenye tone la sabuni, ukunje juu ya kipande cha sponji ngumu, usiusugue kwa vidole vitupu kwa sababu vinachimba mifereji. Piga kidogo, kausha, angalia. Lengo ni kulainisha zile kingo. Shimo lenyewe si lazima liishe, maana ukilifukuzia hadi chini unatoboa kliya. Kaa mbali na mikunjo na kingo za boneti, huko rangi ni nyembamba. Ziba kwa tepu ya karatasi.

Boneti_Nyeusi: Hilo la nne nikiliangalia kwa karibu lina mistari midogo kama utando wa buibui.

Kipima_Unene: Basi acha msasa, kliya imepasuka. Kompaundi itaingia kwenye nyufa na kubaki nyeupe. Hapo fundi wako ana haki, ila boneti pekee. Na kliya ipigwe boneti nzima, asikupulizie kiraka katikati ya bati, kwa sababu ukingo wa kiraka huanza kumenyuka.

Msasa_wa_Maji: Kama unaenda kupiga rangi, hayo matatu usiyahangaikie tena, atayapiga msasa pamoja. Kinyesi kipya kikidondoka, weka kitambaa kilicholowa juu yake dakika tano, kilainike, kisha kinyanyue bila kusugua. Mara nyingi huwa na mchanga na mbegu ndani, ukisugua unachora mikwaruzo.

Boneti_Nyeusi: Nimeelewa wakuu, asanteni. Nitamwambia apige kliya boneti yote.