Ushauri: Tyuna ya mguuni kwa besi ya nyuzi tano, nina laki tatu

Besi_ya_Kwaya (Mwanza)

Wakuu, wakubwa shikamooni, wengine habari zenu.

Napiga gitaa la besi kwaya ya vijana. Besi yangu ni ya nyuzi tano, haitumii betri. Mpaka leo natyuni (yaani napima na kukaza nyuzi zipate sauti sahihi) kwa programu ya simu. Siku za mazoezi haina tabu kwa sababu nafika mapema, ukumbi kimya. Tabu ni Jumapili. Wimbo ukiisha, kinanda kinaendelea taratibu chini ya maombi, mpiga dramu anarekebisha vyombo vyake, na simu inasikia kila kitu isipokuwa besi yangu.

Jumapili iliyopita uzi wa E ulishuka katikati ya ibada. Niliusikia vizuri kabisa, lakini kuurudisha ilikuwa lazima watu wote wanisikie kwenye spika nikitafuta sauti huku mchungaji anaomba. Nikapiga nyimbo tatu naukwepa, kila noti ya chini naipeleka juu. Wimbo wa sadaka ulikuwa mtupu chini, na ni wimbo tulioufanyia mazoezi mwezi mzima. Imeniuma.

Nataka tyuna ya kukanyaga, kile kifaa cha kupimia sauti ya nyuzi. Naona aina nyingi: TU-3, Pitchblack, PolyTune, na ndogo ndogo za bei rahisi. Ipi inasoma uzi wa B wa besi, ule mnene kuliko wote, bila kuyumba? Halafu inakaa wapi, kabla au baada ya pedali nyingine? Nina kompresa moja tu, ile ya kusawazisha nguvu ya sauti.

---

mwana_solo

Laki tatu ya nini mkuu? Nunua ile ya kubana kwenye kichwa cha gitaa, inasoma mtetemo wa mbao, haijali kelele za hewani. Elfu thelathini hivi umemaliza. Mimi gitaa langu la solo natyuni hivyo mwaka wa nne.

---

Jukwaa_la_Mbao (Dar)

@mwana_solo kwa gitaa kavu au la solo nakubaliana nawe. Kwa besi karibu na dramu, hapana. Jukwaa la mbao linatetemeka, spika ya besi inalitetemesha zaidi, na mtetemo huo unapanda mpaka kwenye shingo ya gitaa. Halafu noti za chini kabisa hazifiki na nguvu kule kichwani. Utaona inaruka E, kisha B, kisha inazima. Nimejaribu mbili tofauti, zote nikampa kijana anayepiga gitaa kavu na zinamsaidia sana.

---

Mzee_wa_Rithimu (Dar)

Mdogo wangu, shida yako ndiyo hasa kazi ya tyuna ya mguuni. Ukikanyaga, sauti inakatika kwenda kwenye miksa, wewe unatazama taa, hakuna anayesikia kitu. Ukikanyaga tena, sauti inarudi. Hapo ndipo pesa yako inapokwenda. Hayo mambo ya usahihi wa senti ngapi yanafuata nyuma, maana karibu zote za majina uliyoyataja zinatosha kwa ibada, harusi na ukumbi wa dansi. (Senti moja ni sehemu ya mia ya nusu-sauti, yaani umbali wa freti moja, vile vyuma vya shingoni mwa gitaa, ukiugawa mara mia.)

Mimi nina BOSS TU-3. Aina hii ilitoka 2010, ikachukua nafasi ya TU-2 ya 1998, na TU-2 za zamani bado naziona kazini mpaka leo, rangi imekwisha lakini zinasoma. Ni chuma. Taa zake zinaonekana hata mkiwa kwenye harusi ya nje jua linawaka, na ukiweka upande wa besi inakubali mpaka nyuzi sita. Kwa mpya, nje ya nchi ni dola mia na kitu, kwa hiyo ikifika hapa laki tatu yako inabanwa. Tafuta iliyotumika. Pedali ya chuma iliyotunzwa ni bora kuliko mpya ya plastiki.

PolyTune ya TC Electronic sifa yake ni kupapasa nyuzi zote kwa pamoja na kuona upi umepotea. Mpiga rithimu anaipenda. Kwa besi sioni faida kubwa, utaishia kugusa uzi mmoja mmoja tu. Ila ile ndogo yake haichukui nafasi, na mmoja mmoja inasoma vizuri. Angalia tu kwamba haitumii betri, lazima adapta. Korg Pitchblack nayo sina ubaya nayo. Peterson ni za watu wa studio, zinasoma mpaka sehemu ya kumi ya senti. Ukiipata kwa bei nzuri chukua, ila usiikopee.

Sasa huo uzi wa B, maana hapa ndipo wengi wanalaumu tyuna bure.

B ya besi ya nyuzi tano inatetemeka mara 31 tu kwa sekunde. Kutoka hapo kwenda C, freti moja nzima, haifiki hata mitetemo miwili kwa sekunde. Linganisha na uzi mwembamba wa E wa gitaa: kutoka E kwenda F ni kama mitetemo ishirini. Kwa hiyo tyuna inalazimika kusubiri uzi wa B uzunguke mara kadhaa ndipo ijue uko wapi. Ukiuchapa kwa nguvu, unaanza ukiwa juu ya sauti yake, kisha unashuka unapotulia, na taa zinashuka nao. Mtu anasema tyuna inayumba, kumbe ni uzi wenyewe.

Fanya hivi. Punguza kitufe cha toni mpaka mwisho ili kelele za juu zisiingie. Kama besi ina pikapu (vinasa sauti vya chini ya nyuzi) mbili, tumia ile ya karibu na shingo. Gusa uzi kwa nyama ya kidole gumba, taratibu, subiri kidogo ndipo usome. Zima nyuzi nyingine kwa kiganja, kwa sababu ukigusa B, E na A zinaitikia zenyewe. Ikiwa bado haisomi, piga hamoniki kwenye freti ya 12: unagusa tu juu ya chuma cha freti bila kukandamiza. Hapo tyuna inapata mitetemo 62 badala ya 31, kazi inakuwa nyepesi.

Na siku zote panda kutoka chini. Ukipita sauti, usirudi nyuma ukaishia hapo. Shuka zaidi ya unapotaka, halafu panda tena mpaka taa ya katikati iwake. Ukiishia kwa kulegeza, meno ya kikazio, kile unachozungusha kukaza uzi, yanabaki na nafasi na uzi utateleza wimbo wa kwanza tu. Nadhani E yako ilishuka kwa sababu hii, au nyuzi ni mpya hazijavutwa.

Mahali pa kuiweka: ya kwanza kabisa. Besi, tyuna, kompresa, kisha DI (kisanduku cha kupeleka sauti kwenye miksa). Tyuna inataka sauti safi kabla haijachezewa na chochote.

---

mwana_solo

Nimeelewa @Jukwaa_la_Mbao, sikufikiria mtetemo wa jukwaa. Mzee hapo juu, shikamoo. Hiyo ya kupanda kutoka chini sikuijua, na nimepiga miaka yote hii.

---

Nyuzi_Nne_Nax (Nakuru)

Salamu kutoka Kenya. Nataka kuongeza kitu kimoja tu na tafadhali kisome mara mbili kabla hujachomeka chochote kwa stima.

Pedali karibu zote zinatumia volti 9 na hasi iko katikati ya pini, chanya nje. Vinanda vingi vya kanisa vinatumia volti 12 na chanya iko katikati. Pini ya adapta inaweza kuingia vizuri kabisa kwa pedali yako. Mimi niliua pedali yangu ya kwanza hivyo, Jumapili saa mbili asubuhi: adapta yangu ilibaki nyumbani, nikachukua ya kinanda cha akiba. Haikutoa moshi wala sauti. Taa haikuwaka tena, basi. Nilikuwa nimeweka pesa miezi minne.

Kwa nyuma ya adapta kuna mchoro mdogo: duara la katikati lina alama imeunganishwa nalo kwa mstari. Kwa pedali yako alama hiyo iwe ya kutoa. Kama ni ya kujumlisha, weka chini. Mimi sasa nimefunga utepe mwekundu kwa adapta yangu, na kila mtu kwa timu yetu anajua haiguswi.

Pia kama unatumia betri ya volti 9, chomoa kebo kwa tyuna ukimaliza ibada. Kwa pedali nyingi, kebo ikiwa imeingia upande wa gitaa betri inaendelea kuliwa hata kama taa zimezima. Wiki moja sandukuni na kebo ndani, utakuta imekufa.

---

Besi_ya_Kwaya (Mwanza)

Mzee, shikamoo na asante sana. Asante @Nyuzi_Nne_Nax, adapta ya kinanda ndiyo hiyo hiyo niliyokuwa nimeipangia, kweli kabisa. Umeniokoa.

Swali: fundi mitambo wetu anasema nitafute yenye baipasi kamili, yaani ikizimwa sauti inapita moja kwa moja bila kuguswa, eti za bafa (sakiti ya kuipa sauti nguvu) zinaharibu sauti. Ni kweli?

---

Jukwaa_la_Mbao (Dar)

Fundi wako hajakosea lakini kwa hali yako ni kinyume. Besi isiyo na betri ikipita kwenye kebo ndefu inapoteza ukali wa juu, maana kebo yenyewe inaula. Bafa inaipa sauti nguvu ya kufika mwisho wa kebo ikiwa nzima. TU-3 ya kawaida ina bafa, na mwenye kebo ndefu mpaka kwenye DI, tuseme mita sita, anafaidika. Baipasi kamili inawafaa zaidi wenye fuzi (pedali za kukwaruza sauti) za zamani, ambazo hazipendi kitu cha bafa kitangulie mbele yake. Wewe una kompresa. Usipoteze usingizi.

Ukipata TU-3, angalia jeki zake. Upande wa kutoa zina mbili. Moja imeandikwa OUTPUT, hiyo ndiyo inayokatika ukikanyaga. Nyingine ni BYPASS, hiyo haikatiki kamwe. Nimewahi kuitwa kanisa fulani kwamba pedali ni mbovu haizimi sauti. Nilihamisha kebo jeki moja, nikarudi nyumbani.

---

Rumba_Magomeni

Nimechelewa, ila kuna jambo halijatajwa. Tyuna zina namba ya msingi, yaani mitetemo ya noti A kwa sekunde, kawaida 440. Kwenye TU-3 inakwenda kutoka 436 mpaka 445. Ukinunua iliyotumika, jambo la kwanza hakikisha inasoma 440, kwa sababu mwenye nayo wa zamani, au mtoto wake, anaweza kuwa amebonyeza. Ikiwa 442 utakuwa juu ya kinanda kwa karibu senti 8. Wewe mwenyewe ukiwa peke yako husikii ubaya wowote. Mkianza pamoja wimbo unachusha na hakuna anayejua kwa nini. Bendi yetu tulihangaika na jambo hili Ijumaa mbili nzima, tukagombana, mpaka mtu akaiangalia ile namba.

Na kwa wapiga magitaa wa rumba wanaosoma hapa: tyuna hizi zinakuonyesha jina la noti na kama imepotea kidogo, hazikwambii ni ile ya chini au ya juu yake, yaani oktava ipi. Sisi tunaofunga gitaa kwa mi kompoze, uzi wa D tunautoa na kuweka mwembamba unaolia D ya juu yake. Tyuna itaandika D tu, sawasawa na kawaida, kwa hiyo sikio ndilo linalojua uko D ipi. Nimeona kijana akikaza uzi wa kawaida wa D akitafuta ile ya juu kwa kufuata taa. Ulimkatikia karibu na jicho. Uzi mnene haufiki huko, badilisha uzi kwanza.

---

Besi_ya_Kwaya (Mwanza)

Wakuu, mrejesho.

Nimepata TU-3 iliyotumika kwa laki mbili na thelathini. Muuzaji alikubali nije na besi yangu dukani. Nilifanya kama Mzee alivyosema, toni chini, kidole gumba, taratibu. B ilitulia. Nikaangalia namba ya msingi: ilikuwa 438! Nikairudisha 440 hapo hapo.

Jumapili nilikanyaga mara nne katikati ya ibada. Wakati wa maombi kinanda kinalia, mimi natazama taa tu, spika kimya. Wimbo wa sadaka niliupiga wote chini kama tulivyoupanga. Kiongozi wa kwaya aligeuka akanitazama kwenye kiitikio. Kwangu hiyo ilitosha.

Jambo moja jipya. Sasa kwa kuwa naona kwa macho, nimegundua uzi wa E ukiwa sawa mtupu (bila kukandamiza freti), nikikandamiza freti ya 12 taa zinapanda juu. A, D na G ziko sawa. Nifanyeje?

---

Mzee_wa_Rithimu (Dar)

Marhaba. Nimefurahi kweli.

Kwanza tazama nyuzi zina umri gani. Zikiwa kuukuu badilisha ndipo upime tena, zikichakaa zinadanganya. Zikiwa nzima, kule chini uzi wa E unapolalia pana kitandiko chake na skrubu kwa nyuma. Kwa kuwa freti ya 12 inasoma juu, kirudishe nyuma, mbali na shingo, robo mzunguko kwa mara moja. Legeza uzi kidogo kabla ya kuzungusha. Kila ukisogeza, tyuni upya uzi mtupu, halafu pima ya 12. Ikisoma chini, ungesogeza kwenda mbele.

Pima huku umeishika besi kama unavyopiga, siyo imelala mezani.

---

Besi_ya_Kwaya (Mwanza)

Nyuzi zina miezi kumi na nne. Naanza na hizo. Bisibisi nimeazima kwa jirani, kesho jioni nitaleta majibu.