Laptopu inashika Wi-Fi lakini intaneti haipiti, simu zinapeta! Msaada wakuu

Kobe Mkimbizi
Wakuu habari za jioni. Nina laptopu ya Windows 11. Wi-Fi ya nyumbani inaiona, nywila inakubali, mistari imejaa, lakini kile kidude cha dunia pale pembeni kinasema hakuna intaneti. Simu yangu na ya wife zinapeta kwenye Wi-Fi hiyohiyo. Rauta nimezima nikawasha, laptopu nimezima nikawasha, mtandao nimeufuta nikaunga upya, wapi! Nimejaribu hata hotispoti ya simu, ni yale yale. Fundi mmoja Kariakoo kasema kadi ya Wi-Fi imekufa, anaibadilisha kesho asubuhi. Ni kweli? Na kadi original unaijuaje? Nina ripoti ya Jumatatu, matusi wekeni akiba.

Shangazi wa Tandika
Pole mwanangu. Ila ripoti ya Jumatatu unaikumbuka Jumamosi saa tatu usiku?

Dagaa Mchele
Natia nanga hapa, yangu nayo ina kigugumizi.

Mzee Tanuri
Angalia jikoni kwanza, na sitanii. Mimi mtandao ulikuwa unakata kila mchana, nikawapigia watoa huduma simu mpaka wakaijua sauti yangu. Kumbe ni binti anapasha wali! Maikrowevu inatumia gigahezi 2.4, masafa yaleyale ya Wi-Fi ya kawaida, na rauta niliiweka juu ya friji, maikrowevu pembeni yake. Fundi akanihamishia gigahezi 5, yakaisha. Ubaya wa 5 haipendi kuta. Nyumba yangu ilijengwa na marehemu baba, enzi hizo saruji watu hawaichakachui, chumbani kwangu ikifika imeshachoka. Baba alikuwa na msemo wake kuhusu tofali za Tegeta, siku nyingine nitawasimulia.

Fundi Waya
Mzee, shikamoo, ila jamaa mistari yake imejaa na simu zinafanya kazi. Jikoni hakuhusiki.

Kobe, kadi iliyokufa haioni mtandao wowote, sembuse kukubali nywila. Hata ingekuwa zile nyaya mbili za antena zimechomoka, na mafundi wengi wanazisahau wakifungua laptopu kubadilisha kibodi, ungepata mstari mmoja tena ukiwa umeikumbatia rauta. Kadi yako nzima. Usimpe mtu hela.

Nijibu haya. Kabla haijaanza uliweka nini au ulifuta nini? Halafu fungua lile dirisha jeusi la cmd, andika ipconfig /all unitajie IP na DNS. Kisha andika ping 8.8.8.8, hiyo ni kompyuta ya Google huko nje, uniambie kama inajibu. IP ikianza na 169.254 maana yake rauta haikukupa anwani, laptopu imejipachika yenyewe.

Kobe Mkimbizi
Shukrani mkuu. Sikugusa kitu, iliamka tu hivyo. Hayo madirisha meusi yananitia hofu, nisije nikaiharibu zaidi. Mimi nilitaka tu kujua kadi original.

Pwani Kuchele
Huku Muscat lilinikuta kinyume chake: simu inaona Wi-Fi, laptopu haioni kabisa. Nilimtumia mpaka mganga wa computer kutoka Kerala, kachukua riyali zake kaondoka. Kumbe laptopu nililetewa kutoka Marekani, kule Wi-Fi ya 2.4 inaishia chaneli ya 11, na rauta ya mwenye nyumba ilikaa chaneli ya 13. Nikaishusha mpaka 6, ikaonekana hapohapo. Jaribu na wewe.

Fundi Waya
Ya kwake inaonekana, ndugu yangu. Inaonekana na inaungana.

Kobe, hakuna laptopu inayoamka tu hivyo. Uliweka nini?

Shangazi wa Tandika
Mwanangu ukienda kwa daktari ukaficha unapoumwa atakukata mguu mzima. Sema.

Kobe Mkimbizi
Sawa. Kulikuwa na kaprogramu ka VPN, zile za kupitisha intaneti njia ya pembeni ufungue kilichofungwa, ya bure, niliiweka mwaka jana, 2025, X ilipofungwa mwezi wa tano. Wiki hii niliiondoa kwa sababu laptopu ilikuwa nzito. Lakini sidhani kama inahusiana, maana nimeshaiondoa, kitu kilichoondolewa kinasumbuaje? Na fundi huyu ni shemeji wa rafiki yangu, si mtu wa kubahatisha. Nimeshamtumia nusu ya hela. Amesema akishabadilisha kadi anaipiga na Windows upya, inakuwa kama mpya.

Mchungaji Asiye na Kondoo
VPN! Nilijua tu. TCRA, mamlaka ya mawasiliano, walitangaza Oktoba 2023 kwamba mwenye kutumia VPN ajisajili kabla ya tarehe 30 ya mwezi huo. Vijana hamsikii. Na mtu mwenye ndoa anajificha anatafuta nini huko mtandaoni usiku? Mkeo anajua?

Dagaa Mchele
Mchungaji na wewe ile video uliyotuletea juzi kutoka X uliipitia dirishani? 😂

Fundi Waya
Tuache mambo ya ndoa. Kobe, subiri, "anaipiga Windows upya"? Mafaili yako umeyahamisha? Na hiyo laptopu ni yako?

Kobe Mkimbizi
Naitumia mimi.

Fundi Waya
Sikuuliza nani anaitumia.

Kobe Mkimbizi
Ni ya ofisi. Ofisi yetu ndogo, hatuna mtu wa IT, kila mtu anajihudumia. Ndiyo maana sikutaka kuirudisha ikiwa hivi, bosi ataanza kuuliza VPN ilifikaje humo. Ikipigwa Windows mpya ushahidi unaondoka wote. Mafaili ya ripoti ninayo kwenye flashi. Mengi.

Shangazi wa Tandika
"Mengi." Mungu wangu.

Mbayuwayu
Samahanini, mimi nimefukua makaburi kidogo. Mwezi wa tatu huyu Kobe aliandika kwenye uzi wa ajira, namnukuu: "sina laptopu, natumia simu, mnisamehe makosa ya herufi". Leo ana laptopu yenye VPN ya tangu 2025! Na jana kwenye uzi wa Dagaa alisema amepakua draiva mpya za Wi-Fi kwenye laptopu yake hazikusaidia. Kapakuaje bila intaneti? Wakuu hii chai, tena haina hata tangawizi. Huyu ni fundi wa Kariakoo anatafuta wateja, ngojeni mtaona namba ya simu.

Dagaa Mchele
Duh. Kweli aliandika kwenye uzi wangu. Nang'oa nanga.

Mzee Tanuri
Mimi nimewaeleza mpaka habari za marehemu baba kwa ajili ya chai?

Kobe Mkimbizi
Jamani! Sina laptopu YANGU, nimeshasema ni ya ofisi. Na draiva nilipakua kwa kuchomeka simu kwa waya wa USB. Kwa waya intaneti inapita vizuri tu. Sikusema kwa sababu bando langu la siku haliwezi kutuma ripoti yenye picha.

Fundi Waya
Mbayuwayu umefukua kaburi ukatoa dhahabu. Kwa waya inapita, kwa Wi-Fi ya nyumbani haipiti, kwa hotispoti haipiti. Windows inahesabu simu ya waya kuwa njia nyingine yenye mipangilio yake. Kilichoharibika kimeandikwa upande wa Wi-Fi, na kinakufuata kwenye kila Wi-Fi utakayoshika. Kobe, lile dirisha jeusi halikung'ati. Nenda.

Kobe Mkimbizi
IP 192.168.1.23. Rauta 192.168.1.1. DNS 127.0.0.1. Ping 8.8.8.8 imejibu mara nne zote. Nikiandika ping na jina la tovuti inasema haiwezi kumpata mwenye jina hilo.

Fundi Waya
Basi. Intaneti unayo muda wote huu. DNS ndiyo inayogeuza jina la tovuti kuwa namba, na 127.0.0.1 ni laptopu yenyewe. Zipo VPN zinazojipa kazi hiyo, laptopu inaziuliza zenyewe badala ya kuuliza rauta. Ulipoiondoa, yenyewe imeenda, maagizo yake imeyaacha, sasa laptopu inajiuliza yenyewe na ndani hakuna wa kujibu. Simu zinauliza rauta, ndiyo maana zinapeta.

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika ncpa.cpl. Bofya kulia kwenye Wi-Fi, ingia sifa zake, chagua IPv4, bofya sifa tena. Pale chini kwenye DNS weka ijitafutie yenyewe. Kubali. Halafu cmd: ipconfig /flushdns.

Na usiifomati ya ofisi kwa ajili ya hili. Windows 11 nyingi zinakuja diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows lenyewe, ikifutwa ikiwa na mafaili ambayo hayapo kwenye flashi, hakuna shemeji wa mtu atakayeyarudisha.

Mbayuwayu
127.0.0.1 mtu hawezi kuitunga. Nafuta kauli kuhusu chai. Ile ya kutafuta wateja naibakiza mpaka kesho.

Kobe Mkimbizi
IMEKUBALI!! Naandika kwa laptopu sasa hivi. Fundi Waya Mungu akuzidishie. Ila nimempigia yule wa Kariakoo, anasema hela ya kadi hairudi, kadi ameshaichukua dukani. Sasa nafikiria niende tu anibadilishie, maana imeshalipiwa nusu.

Fundi Waya
Kobe.

Shangazi wa Tandika
Mwacheni alale. Ripoti umeanza?

Mchungaji Asiye na Kondoo
Hiyo VPN ya bure iliitwaje? Nauliza ili niwaonye vijana wa kanisani.