Kusomesha nyumbani, inglish midiamu, bweni au shule ya serikali: wazazi Wakristo wa Nyanda za Juu mmechagua nini?

MamaWawili_Uyole
Bwana asifiwe wapendwa. Naomba tushauriane, hili jambo linaninyima usingizi. Nina watoto wawili, mkubwa ana miaka 8 yuko la tatu, mdogo ana 5. Baba yao ni dereva wa njia ya Dar hadi Tunduma, nyumbani anakuwepo siku mbili tatu kwa wiki, mimi nashona nguo hapahapa nyumbani. Mkubwa yuko inglish midiamu ya mjini, basi linampitia saa kumi na moja na nusu alfajiri, na mnaijua baridi ya Uyole ya mwezi wa saba, anarudi saa kumi na mbili jioni na homuweki za masomo matatu. Jumanne iliyopita nimemwekea ugali na maharage, nikageuka kuchukua maji, narudi nakuta kasinzia amekaa, tonge liko mkononi limeshapoa. Nikalitoa taratibu vidoleni nikambeba kitandani, homuweki haikufanyika na kesho yake alisimamishwa mbele ya darasa.

Usiku ule nikasoma Kumbukumbu la Torati 6:7, "nawe uwafundishe watoto wako kwa bidii, na kuyanena uketipo katika nyumba yako, na utembeapo njiani, na ulalapo, na uondokapo." Nikajiuliza mimi hapo natimiza lipi. Akiondoka namvalisha soksi gizani, njiani yuko na konda, kulala ndo huko analala na tonge.

Sasa nafikiria kumtoa nimsomeshe mwenyewe nyumbani. Nina kidato cha sita na hesabu nilikuwa naipenda. Dada yangu ananiambia nimpeleke bweni la masista akifika la tano, shemeji anasema shule ya serikali ipo dakika kumi kwa miguu kwa nini najitesa. Aliyepita njia yoyote kati ya hizi aniambie ukweli, yaani na mabaya yake.

Mwl_Kihesa
Kamwene mama. Mimi nafundisha la kwanza na la pili hapa Iringa, mwaka wa 19 sasa. Nianze na lisilopendeza ili lisikukute njiani. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inataka mtoto akitimiza miaka 7 aandikishwe shule ya msingi na ahudhurie mpaka amalize, na mzazi anayemzuia anaweza kushtakiwa. Halafu kuna mitihani. Upimaji wa la nne na mtihani wa kumaliza msingi mtoto anasajiliwa na shule yake, hakuna kwenda NECTA, baraza la mitihani, kujiandikisha wewe mzazi. Kujitegemea kunakuja baadaye, kwenye kidato cha nne, na huko kama hakupita kidato cha pili anaanza na ule mtihani wa maarifa, QT. Kwa hiyo ukimtoa kabisa la tatu unamwachia pengo la miaka mingi kabla hajapata karatasi yoyote ya kushika.

Ila usidhani nakukatisha tamaa. Darasani kwangu mwaka huu wako 87. Kipindi ni dakika 30. Gawanya uone, kila mtoto ananipata sekunde ishirini na kidogo, hapo sijanyamazisha mtu wala kufuta ubao. Mama akikaa na mtoto wake dakika ishirini jioni amempa ambacho mimi siwezi kumpa kwa miezi miwili, na hilo nakuambia nikiwa naipenda kazi yangu. Wanaonifikia wakijua kusoma, ukiwauliza, karibu wote kuna mtu nyumbani alikaa nao.

BabaParachichi_Tukuyu
Ndaga mwalimu kwa kuweka sheria wazi. Mimi nimesomesha nyumbani kweli, miaka minne, ila ilikuwa tukiwa Mzuzu Malawi kikazi, shule ya karibu haikuwa na Kiswahili na mke wangu hakuwa ameajiriwa. Tulitumia mfumo wa Kikristo wa ACE, ule ulioanzia Texas Marekani mwaka 1970. Hauna kitabu kimoja kikubwa, kila somo lina vijitabu 12 kwa mwaka, mtoto anasoma mwenyewe, asubuhi anapanga kurasa zake za siku hiyo, akikwama anasimika kabendera kadogo mezani na mzazi anakuja. Anajisahihishia mwenyewe kwa kitabu cha majibu, mwisho kuna mtihani na chini ya asilimia 80 haendi mbele, anarudia.

Mazuri yake niliyaona kwa macho. Kijana wangu wa kwanza alikuwa mwepesi wa kudanganya, na hapo kwenye kujisahihishia ndipo tulipomjua. Siku moja mke wangu akakuta majibu yote sahihi mpaka alama ya mkato kama ilivyo kwenye kitabu cha majibu. Hakumchapa, walikaa sebuleni wakaongea mpaka mtoto akalia mwenyewe na kuomba arudie kile kijitabu chote. Shuleni kwenye watoto wengi nani angeona? Mstari wa Biblia uko kila kijitabu, na kiingereza kilinyooka haraka.

Mabaya sasa. Kila kitu ni cha Marekani. Mtoto anawajua marais wao kwa mpangilio lakini Azimio la Arusha la 1967 hajawahi kulisikia, pesa anahesabu senti na dola. Vingi ni kujaza nafasi zilizoachwa wazi, kuandika insha ndefu ya kufikiri mwenyewe ni kidogo. Tuliporudi Tukuyu akapewa intavyuu ya la tano, hesabu akawapita wote, Kiswahili akapata 23 kwa 100. Alilia sana. Mwaka mzima nilikuwa namsomea gazeti jioni, na likizo nikampeleka Kalenga akaone fuvu la Chifu Mkwawa wa Wahehe lililorudishwa kutoka Ujerumani 1954, na njiani tukapita Isimila kuona zile zana za mawe za watu wa kale. Alipona, yuko kidato cha tatu sasa. Ila kama ningeanza upya ningefundisha Kiswahili na historia ya kwetu tangu siku ya kwanza, hata kama kitabu cha mfumo hakina.

Mama_Njombe
Mimi nina wa miaka 15 anasoma mtaala wa Cambridge nyumbani kwa intaneti, atafanya IGCSE, mtihani wao wa ngazi ya kidato cha nne, kama mtahiniwa binafsi. Sababu ilikuwa ugonjwa, daktari alikataa bweni na shule ya kutwa yenye maabara ilikuwa mbali, nisingefanya hivi kwa kupenda tu. Ada ya mtihani unalipa kwa kila somo, ni hela, na kituo cha mtihani kwetu ni safari ya Dar. Umeme ukikatika kipindi kinampita, bando linakwisha katikati ya fizikia. Akitaka baadaye kuingia kidato cha tano hapa au chuo, matokeo lazima yapelekwe NECTA yalinganishwe na ya kwetu, hilo liulize mapema kabla hujachagua masomo. Na hakuna Ukristo wowote ndani yake, Biblia unaweka wewe. Kwa mtoto wa la tatu sioni sababu kabisa dada yangu.

Kaka_Mwanjelwa
Samahanini wapendwa nitaongea tofauti. Naona kuna hofu hapa tunaipa jina la imani. Mtoto akifungiwa ndani asikutane na mtoto mwingine mkorofi, asikutane na Muislamu, asikutane na anayetukana, atakutana nao akiwa na miaka 20 na hapo mama hayupo. Luka 2:52 inasema Yesu alizidi kuendelea katika hekima na kimo, akimpendeza Mungu na wanadamu. Na wanadamu! Wanadamu wako shuleni.

Mch_Rungwe
Kaka umesema jambo la kweli na nitalikazia, ila mama wa Uyole sijasikia akisema anaogopa watu, nimesikia anasema hamuoni mwanae. Hayo ni mambo mawili.

Sisi Wamoravian tuna mzee wetu Comenius, askofu wa Umoja wa Ndugu, kanisa tulikotoka sisi, alizaliwa 1592 na akafa 1670, dunia nzima inamtaja kama baba wa elimu ya kisasa. Yeye alitaka shule za watoto wote, wa kiume na wa kike, tajiri na maskini, alipigania hilo maisha yake yote. Lakini huyohuyo aliweka shule ya kwanza kwenye mapaja ya mama, miaka sita ya mwanzo, akaiita kabisa shule. Humo ndimo mtoto anajifunza majina ya vitu, kuhesabu, kusema kweli na kuomba. Kwake nyumba na shule hazikugombana. Wamisionari waliofika hapa Rungwe 1891 walitoka kwenye mapokeo hayohayo.

Na kuna Susanna Wesley wa Uingereza, mama yake John na Charles walioanzisha Methodisti. Alisomesha watoto wake nyumbani, anaanza nao wakifika miaka mitano, na kila mtoto alikuwa na jioni yake moja kwenye wiki ya kukaa na mama peke yao kuongea habari za roho yake. John alikuwa na Alhamisi. Alipokuwa mtu mzima anafundisha chuo kikuu bado aliikumbuka ile Alhamisi na kumwandikia mama yake kuihusu. Wenye watoto wengi mnaolalamika hamna muda, yule mama alizaa 19, waliokua ni kama nusu.

Mimi kama mchungaji nawaona watoto wa bweni wakija likizo. Wengine wamekomaa kiroho kuliko wazazi, siwezi kudharau kazi ya masista na walezi. Wengine wanakaa kwenye kiti kama wageni kwao. Na mwaka 2023 serikali yenyewe ilizuia bweni kwa watoto wa awali hadi la nne, maana mtoto mdogo anahitaji kulelewa na wazazi wake. Mama, la tano likifika ndo ufikirie.

Nuru_Makambako
Naomba niseme kama mtoto, maana hapa mnaongea wazazi tu. Mimi nilisomeshwa na mama nyumbani karibu miaka miwili kwa sababu ya mguu, nilivunjika vibaya nikiwa la pili na shule ilikuwa kilomita sita. Mama hakuwa mwalimu, alikuwa anauza vitumbua. Hesabu alinifundishia kwenye chenji na kusoma kwenye Biblia ya kanisa na mfuko wa unga, nakumbuka neno "virutubishi" nililisoma kwenye mfuko nikaona nimemaliza dunia. Mwalimu mkuu alikuwa anatuma madaftari kwa kaka yangu, jina langu halikufutwa shuleni, hilo lilinisaidia sana.

Mpaka leo nikikwama kwenye kitu chochote nasikia sauti ya mama akiniambia soma tena polepole. Sijawahi kuogopa kitabu. Ila mama zangu, upweke ule sitausahau. Saa nane mchana nilikuwa nasikia wenzangu wanapita wanaimba wakitoka shule, nilikuwa najifunika shuka kichwani nisisikie. Sunday school na kwaya ya watoto ndo vilinishikilia, Jumamosi mazoezi nabebwa mgongoni na kaka. Ukimtoa mwanao shule mpatie watu, tafadhali, asikose watu.

MamaWawili_Uyole
Nuru mdogo wangu umeniliza hapa kwenye cherehani. Asanteni wote kweli. Baba yao kafika jana usiku nimemsomea yote kwenye simu, tumeongea mpaka saa nane.

Tulichoamua ni hiki, mniambie kama kuna shimo. Mkubwa hatumtoi shule, tunamhamishia hii ya serikali ya hapa karibu. Ataamka saa kumi na mbili, na nitatembea naye mimi kila asubuhi, hiyo ndo "utembeapo njiani" yangu. Kutoka atatoka mchana, atakula na kucheza na wenzie mpaka saa kumi. Saa kumi hadi kumi na moja na nusu ni shule yangu, nazima cherehani. Hesabu na kiingereza kila siku, maana najua hapo ndo atapungukiwa akitoka inglish midiamu, vitabu nitasomea kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu, nimeona ni bure. Alhamisi ni yake yeye na mimi tu, nimeiba kwa Susanna. Ile ada ya basi tutanunulia vitabu vya hadithi vya kiingereza. Mdogo atabaki na mimi mpaka aanze la kwanza.

Kuna wamama wawili wa kanisani wamesikia wanataka niwachukue na wa kwao jioni.

Mwl_Kihesa
Hakuna shimo kubwa mama. Uhamisho anza kwa mwalimu mkuu wa shule anayotoka, usimwondoe kwanza ndo ufuate karatasi. Jiandae, muhula wa kwanza atashuka, masomo yote isipokuwa kiingereza yanageuka Kiswahili na msamiati wa sayansi na hesabu ni mpya kwake, sehemu, kipeo, mzingo, mwandikie kwenye karatasi ubandike ukutani. Usimwambie kwamba mmemhamisha kwa sababu alishindwa.

Hao wa kanisani, kuwasaidia kusoma jioni haina shida, ila mkianza kukusanya watoto wa watu kutwa nzima na kutoza ada hiyo ni shule na inataka usajili. Baki na watatu wanne.

BabaParachichi_Tukuyu
Na siku moja uwapeleke kimondo cha Mbozi, si mbali na kwenu. Chuma cha tani nyingi kutoka angani, mtoto akikigusa huna haja ya kuhubiri Mwanzo 1 kwa maneno mengi. Wangu aliweka mkono pale akanyamaza kama dakika tatu.

MamaWawili_Uyole
Tutaenda mwezi wa nane baba yao akiwa likizo. Mwalimu swali la mwisho, mdogo jana kaleta daftari mwenyewe kanambia na mimi nifundishe. Nianze na ba be bi bo bu kama tulivyofundishwa sisi?

Mwl_Kihesa
Anza na sauti, siyo majina ya herufi. a, e, i, o, u, wiki nzima, mchezomchezo, achore kwenye unga uliomwaga mezani. Halafu m. Akishaiweza m unaunganisha ma, na hapo hapo anaweza kusoma "mama". Halafu k, apate "kaka". Dakika kumi na tano zikiisha funga daftari hata kama anataka kuendelea, mwache alale akiwa bado ana hamu.