Naomba ushauri kuhusu picha ya Kali ya mtindo wa Kalighat

Ndugu zangu, naomba ushauri kwa wanaofahamu sanaa ya India. Nimeachiwa picha ya karatasi inayomwonyesha mungu wa kike Kali akiwa ametoa ulimi, amevaa shada la vichwa vya watu na kumkanyaga mungu Shiva, nayo inafanana sana na zile ambazo wachoraji waitwao patua waliwauzia mahujaji karibu na hekalu la Kalighat, Kolkata, katika karne ya 19. Wachoraji hao walitumia karatasi nyembamba ya kiwandani na rangi za maji, wakachora kwa mkono mwepesi mistari minene iliyopinda, ambayo kwangu ina uhai wa pekee. Baadaye picha za bei nafuu zilizochapwa kwa mashine ziliwanyang'anya soko, na hapo ndipo shaka yangu ilipo: nitatambuaje kama hii imechorwa yote kwa mkono, au ilichapwa kwanza kisha ikapakwa rangi? Je, inafaa kuiwekea fremu ya kioo na kuitundika, au niilaze ndani ya kasha mbali na mwanga, kwa kuwa karatasi ya aina hiyo hugeuka njano na kukatikakatika? Sitaisafisha wala kuibandika popote kabla ya kupata maelekezo ya mjuzi.