Magoti yamechoka na muda hautoshi: nijenge vipi nguvu za miguu?

Mwalimu wa Ipogolo:
Habari za jioni, ndugu zangu. Nina umri wa miaka 53, ninaishi Ipogolo na ninafundisha sekondari Iringa mjini. Kwa takriban mwaka mmoja goti langu la kulia limekuwa likiuma kila ninaposhuka ngazi za madarasa, na katika asubuhi za baridi za Juni na Julai hukaza hadi nizungukezunguke kwanza uani ndipo nitembee sawasawa. Daktari alinipiga picha, akasema gegedu, lile tabaka laini linalofunika ncha za mifupa ndani ya goti, limeanza kulika, akaniagiza nifanye mazoezi bila kufafanua ni yapi. Nilikwenda jimu, kijana akaniwekea chuma begani nichuchumae hadi chini. Siku tatu zilizofuata nilikuwa nikipanda daladala kwa kujivuta mlangoni kwa mikono miwili. Natoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi na kurudi saa moja usiku. Nifanye nini? Na je, ni kweli kwamba mafuta ya goti yamekwisha, hivyo ninywe maji ya bamia?

Mama Nafaka, Mwanjelwa:
Pole sana, Mwalimu. Mimi nina miaka 58 na nauza mchele na maharage, kwa hiyo jimu siijui. Zoezi langu ni kigoda cha dukani: wateja wakipungua, nainuka na kukaa mara kumi bila kushika kitu, napumzika, narudia. Nilianza na kiti kirefu chenye mto juu yake, kwa kuwa kigoda kilikuwa kinanishinda kabisa. Bamia nimekunywa miezi miwili. Nilichopata ni kuzichukia bamia.

Mtaalamu wa mazoezi tiba, Mbeya:
Mwalimu, Mama Nafaka amekuelekeza vizuri. Goti haliishiwi mafuta kama injini, kwani ute wake hutengenezwa na utando uliomo ndani ya kiungo chenyewe, ilhali utelezi wa bamia huishia tumboni kama chakula kingine, haufiki gotini. Gegedu halina mishipa ya damu. Hupata lishe kutoka katika ute huo pale kiungo kinapobanwa na kuachiwa, na ndiyo sababu goti lililotulia muda mrefu hukaza.

Usichuchumae hadi chini kwa sasa. Chukua kiti kigumu, simama kwa kuhesabu mbili na ukae kwa kuhesabu nne; kule kukaa polepole ndiko kunakofundisha misuli ya mbele ya paja kazi ileile inayofanya unaposhuka ngazi. Fanya mara 8 hadi 12, pumzika dakika moja au mbili, rudia hadi mizunguko mitatu. Kisha lala chali, kunja magoti na uinue nyonga, kwa sababu makalio dhaifu huliachia goti mzigo usio wake. Kazi yote hiyo ni kama dakika 20, na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unataka mazoezi ya nguvu angalau siku mbili kwa wiki, wala si kila siku. Mara 12 zikiwa rahisi, usiongeze hadi hamsini. Kumbatia kifuani mfuko wa mchele wa kilo 5.

Maumivu madogo wakati wa zoezi yanavumilika, mradi kesho yake asubuhi goti liwe kama lilivyokuwa kabla. Likiamka na maumivu zaidi, punguza kina cha kukaa badala ya kuacha kabisa. Ila goti likivimba na kuwa la moto, likijifunga lisinyooke, au likikuangusha, rudi kwa daktari.

Mkulima wa Njombe:
Nyongeza ndogo: kushuka mlima hulitesa goti kuliko kupanda. Barabara ya Ipogolo kwenda mjini ni mpando, kwa hiyo tembea asubuhi, na jioni urudi kwa daladala. Mimi nilikuwa nikifanya kinyume chake ili kuokoa pumzi.

Mwalimu wa Ipogolo:
Nawashukuru sana. Nimejaribu kiti cha mezani usiku huu: mara nane za kwanza sawa, za pili nikashika meza kwenye ya sita. Nitafanya Jumatano na Jumamosi. Mtaalamu, nikishika meza, mara hizo zihesabiwe?

Mtaalamu wa mazoezi tiba, Mbeya:
Zihesabu, Mwalimu, lakini shika kwa vidole viwili tu, na wakati wa kuinuka pekee.